Mama mjamzito apewe jibu kamili, lenye tarehe

Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) wa majimbo ya Marekani, wakuu wa hospitali na kliniki za wajawazito, wasimamizi wa ofisi za kaunti zinazopokea maombi ya bima, na uongozi wa idara ya uhamiaji, USCIS

Waheshimiwa,

Barua hii tumeiandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Laini za wakalimani wa simu mnazo. Zitumieni: subirini foleni, tajeni jina lenu mara tatu, kisha mjiulize kama mliyosomewa ndiyo yaliyoandikwa. Ndivyo mama anayezungumza Kiswahili anavyopokea habari za bima ya ujauzito kutoka kwenu, awe Dallas, Lexington, Des Moines au Minneapolis.

Sisi ni wakalimani wa hospitali, wahudumu wa afya ya jamii na wasaidizi wa kujaza fomu. Tunawaomba jambo moja. Mama akiuliza, "Nikichukua hii bima, makaratasi yangu hayataharibika?", apewe jibu kamili. Leo anapewa moja kati ya mawili. La kwanza: "Usijali, haina shida." La pili: "Muulize wakili." La kwanza halimtoshi, kwa sababu jirani amemwambia kinyume, na jirani anaaminika kuliko kaunta. La pili halimfai, kwa sababu mimba haingoji miadi ya wakili. Kipimo cha kisukari cha mimba hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Aspirini ndogo ya miligramu 81, kwa aliye katika hatari ya kifafa cha mimba, inafaa ianze kabla ya wiki ya 16. Anayengoja wakili hadi wiki ya 30 amekwisha kuyakosa yote mawili.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo mambo yanapoanza kuharibika. Sheria ya uhamiaji ya Marekani imekuwa, tangu 1882, na kifungu kinachoruhusu kumnyima mtu kuingia nchini, na siku hizi kumnyima grini kadi (kibali cha ukazi wa kudumu), akionekana atakuwa mzigo wa kulelewa na serikali. Mitaani kinaitwa pablik chaji. Ukikitafsiri neno kwa neno unapata "malipo ya umma" au "mashtaka ya umma", na maneno hayo tunayakuta kwenye karatasi zinazogawiwa. Anayesoma la kwanza anaelewa kwamba bili itakuja. Anayesoma la pili anaelewa kwamba ataitwa mahakamani. Hakuna anayeelewa kilichokusudiwa. Andikeni "kuitegemea serikali kwa riziki", na pembeni muweke pablik chaji kama linavyotamkwa, kwa sababu ndilo neno mama alilolisikia kanisani, msikitini na kwenye WhatsApp.

Sasa sheria yenyewe. Mwongozo wa 1999 ulisema kinachohesabiwa ni fedha taslimu za kujikimu, pamoja na kuwekwa kwenye taasisi ya matunzo ya muda mrefu kwa gharama ya serikali. Kanuni ya 2019, iliyoanza kutumika tarehe 24 Februari 2020, ikaongeza fudistempu (msaada wa chakula), nyumba za ruzuku na sehemu kubwa ya Medicaid. Lakini hata hiyo, kali kama ilivyokuwa, iliiacha nje Medicaid ya mjamzito pamoja na siku 60 baada ya mimba kuisha. Medicaid ya dharura, inayomlipia asiye na makaratasi matibabu ya dharura pamoja na kujifungua, nayo iliachwa nje. Kanuni hiyo ikafutwa Machi 2021. Iliyofuata, ya 2022, ilianza tarehe 23 Desemba mwaka huo na kurudi karibu na mwongozo wa 1999: inahesabu SSI (fedha za wazee na walemavu wenye kipato kidogo), TANF (fedha za familia maskini zenye watoto), fedha taslimu za kujikimu zinazotolewa na jimbo au mji, na matunzo ya muda mrefu ndani ya taasisi. Kliniki ya wajawazito, kujifungua hospitalini, WIC (lishe ya mama na mtoto) na fudistempu havimo.

Kwa hiyo tangu 1999 hakuna mwongozo wala kanuni iliyotumika kwa maombi ya grini kadi ndani ya nchi iliyoihesabu bima ya mjamzito. Jambo hili lingeweza kuandikwa kwa sentensi moja kwenye ukuta wa kila kliniki, na hatujui kwa nini haliandikwi.

Tunajua pia kwamba Novemba 2025 Wizara ya Usalama wa Ndani ilichapisha pendekezo la kuifuta kanuni ya 2022. Likipita lilivyoandikwa, litaondoa orodha ya vinavyohesabiwa na kumwachia ofisa uamuzi mpana zaidi. Pendekezo si kanuni. Lakini mama hatofautishi hayo mawili, wala si kazi yake kuyatofautisha. Ndiyo sababu tunasisitiza tarehe. Karatasi isiyo na tarehe inaishi milele: hadi leo tunaletewa nakala za fomu I-944, iliyokuja na kanuni ya 2019 na kuondolewa 2021, na mtu anatuuliza ataijazaje.

Kosa la pili ni kumtisha asiyehusika. Wazungumzaji wengi wa Kiswahili tunaowahudumia ni Wakongomani waliopitia kambi na makazi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Nakivale, Kyangwali au Kakuma. Hao ni wakimbizi, na mkimbizi hapimwi kwa kipimo hiki, si anapoingia wala anapoomba grini kadi baada ya mwaka mmoja. Aliyepewa hifadhi hapimwi pia, wala mwenye viza ya U au T (za waathirika wa uhalifu na wa biashara ya binadamu), wala anayejiombea chini ya sheria ya waliodhulumiwa na mwenzi. Anayeomba uraia hapimwi, maana kipimo hiki hakimo katika maombi ya uraia. Mwenye grini kadi anayeifanya upya hapimwi, ila akikaa nje ya nchi zaidi ya siku 180 mfululizo anaweza kuulizwa akirudi. Kipeperushi kinachoanza na onyo kuhusu pablik chaji kabla ya kusema haya kinamfukuza mtu kwenye kliniki kwa sababu ya sheria isiyomgusa. Anzeni na wasiohusika.

Wanaohusika hasa ni wanaoombewa na mume, mke au ndugu, waliopata bahati nasibu ya viza, na baadhi ya wanaokuja kwa kazi. Hawa, wakiwa ndani ya nchi, wanajaza fomu I-485 ya kuomba grini kadi. Toleo lililokuja na kanuni ya 2022 linauliza ukubwa wa kaya, kipato, mali, madeni, elimu na ujuzi, na kama mwombaji amepokea fedha taslimu za kujikimu au matunzo ya muda mrefu kwa gharama ya serikali. Bima ya ujauzito haimo katika maswali hayo. Madeni yamo. Mama anayekataa bima ili kulinda faili lake, kisha akajifungua kwa upasuaji na kubaki na bili ya hospitali isiyolipika, amejiongezea katika fomu ileile kitu kinachoulizwa ili kukwepa kisichoulizwa. Wahenga wangesema ameruka majivu akakanyaga moto. Hesabu hii hakuna kaunta inayompigia mama, na ndiyo inayombadilisha msimamo haraka kuliko maelezo mengine yoyote.

Kisha kuna mdhamini, yaani mume au shemeji aliyetia sahihi fomu I-864 na kuahidi kumtunza mgeni wake kwa kiwango cha asilimia 125 ya mstari wa umaskini. Hofu yake ni kudaiwa. Hapa lazima mtofautishe mifuko. Medicaid ya dharura haiingii katika deni la mdhamini. Jimbo lililochukua ruhusa ya sheria ya 2009 ya kuwahudumia wajawazito waliopo kihalali bila kungoja miaka mitano, ambayo wenye grini kadi wengi huingoja kabla ya Medicaid, haliwezi kumdai mdhamini kwa bima hiyo, na sheria imesema hivyo waziwazi. Katika mpango unaomhesabu mtoto aliye tumboni kuwa ndiye mwanachama, mama si mwanachama, na mdhamini hakumdhamini mtoto. Medicaid kamili ya kawaida ndiyo inayoweza kuleta swali. Makarani wengi tunaozungumza nao wanaitaja mifuko yote kwa jina moja, Medicaid. Shemeji akisikia hivyo anamwambia mke wa ndugu yake arudishe kadi.

Hatuwaombi mseme kwamba hakuna hatari kabisa. Ipo, na tungependa muitaje wenyewe kabla watu hawajaigundua.

Ya kwanza mnaitengeneza ninyi. Majimbo mengi yana ombi moja linalobeba bima, chakula na fedha taslimu pamoja. Mama kaja kuomba bima ya mimba. Karani, kwa nia njema, anatia tiki visanduku vyote ili "apate anachostahili". Kisanduku cha fedha taslimu, kama TANF, ndicho chenye uzito katika kipimo cha uhamiaji. Kuomba tu bila kupewa hakuhesabiwi, lakini akipitishwa na pesa zikaingia kwenye kadi, zimepokelewa. Karani amsomee mama kila kisanduku kwa sauti, kupitia mkalimani, na asitie tiki ambayo hakuombwa. Aliyewekewa kimakosa apewe njia ya kujitoa siku hiyohiyo na barua ya kuthibitisha, kwa sababu miaka mitatu baadaye atatakiwa aeleze.

Ya pili ni ya mwenye viza ya matembezi. Tangu Januari 2020 ofisa wa viza anaruhusiwa kumnyima anayemwona anasafiri hasa ili akajifungulie Marekani. Aliyekwisha kujifungulia huko kwa viza ya matembezi ajiandae kuulizwa, akiomba viza tena, nani alilipa. Medicaid ni ya mkazi wa jimbo, na mtalii kwa kawaida si mkazi. Akifika na uchungu hospitali lazima impokee, lakini msimwandikie ukazi asiokuwa nao ili bili ilipwe. Mnamfungia mlango wa ubalozi.

Ya tatu ni ubalozi wenyewe. Kanuni ya 2022 ni ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Ofisa wa viza aliyeko Nairobi, Dar es Salaam au Kinshasa anafuata mwongozo wa Wizara ya Mambo ya Nje, ambao hubadilika kwa njia yake. Mama ambaye faili lake litaamuliwa nje ya Marekani aambiwe hivyo, na huyo ndiye kweli wa kuelekezwa kwa wakili.

Ya nne si pablik chaji kabisa, ila watu wanaichanganya nayo, na ofisi zenu zinanyamaza. Juni 2025 taarifa za wanachama wa Medicaid wa baadhi ya majimbo zilikabidhiwa Wizara ya Usalama wa Ndani. Majimbo 20 yakaenda mahakamani. Agosti jaji wa San Francisco akazuia zisitumike kwa kazi ya uhamiaji katika majimbo yaliyoshtaki, na mwishoni mwa Desemba akaruhusu taarifa za msingi kama jina na anwani, huku za matibabu zikibaki zimezuiwa. Mama asiye na makaratasi akiuliza kama anwani yake inaweza kuonekana, "hapana" si jibu la kweli. Mwambieni jimbo lenu liko upande gani wa kesi ile. Mwambieni kwamba katika mpango wa mtoto aliye tumboni haombwi namba ya Social Security wala hadhi ya uhamiaji, na kwamba mtu wa nyumbani asiyejiombea bima halazimiki kutoa hadhi yake. Kisha mwacheni aamue. Wengi, wakishapewa hesabu nzima, bado wanachagua kliniki. Wanaokimbia moja kwa moja ni waliogundua baadaye kwamba walidanganywa.

Hospitali za Texas, tangu tarehe 1 Novemba 2024, zinamuuliza mgonjwa kama yupo nchini kihalali, na za Florida zinazopokea Medicaid zinauliza tangu 2023. Jibu halibadilishi matibabu, na mgonjwa anaweza kukataa kujibu. Swali hilo lisiulizwe kwa pumzi moja na maswali ya bima. Karani aweke kalamu chini, aseme "hili linalofuata ni la takwimu za jimbo, si la bima yako, na unaweza usijibu", kisha aulize. Sekunde kumi na mbili, tumezipima.

Turudi kwenye bima, kwa sababu hata asiye na hofu yoyote anakwama.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni hesabu ya kaya. Mjamzito anahesabiwa yeye pamoja na kila mtoto anayemtarajia. Mke na mume wanaongoja mtoto wa kwanza ni kaya ya watu 3. Wakingoja pacha ni 4. Chukueni viwango vya 2025: mstari wa umaskini ni dola 21,150 kwa watu 2 na 26,650 kwa watu 3. Mpango wa Texas wa mtoto aliye tumboni, unaoitwa CHIP Perinatal, unapokea hadi asilimia 202 ya mstari huo, yaani dola 42,723 kwa kaya ya 2 na 53,833 kwa kaya ya 3. Mume anayefanya kazi kiwanda cha nyama kwa zamu za usiku na kupata dola 4,000 kwa mwezi ana 48,000 kwa mwaka. Karani akiandika watu 2, mke wake amekataliwa. Akiandika 3, amepita. Barua ya kukataliwa inasema "kipato kimezidi", haisemi kaya ilihesabiwa watu wangapi. Iseme. Mstari mmoja huo ungeokoa rufaa nyingi ambazo hazikatwi kwa sababu mtu hajui akate rufaa ya nini.

Tukiwa Texas hapohapo, kuna fomu H3038-P. Mama wa CHIP Perinatal ambaye kipato cha kaya hakizidi asilimia 198 hulipiwa gharama za hospitali za kujifungua na Medicaid ya dharura, wala si na kadi aliyokuwa akiionyesha kliniki miezi yote. Fomu inatumwa kwake kabla ya tarehe ya matarajio, anatakiwa aende nayo hospitali, mtoa huduma aijaze na kutia sahihi kwamba amejifungua, kisha irudishwe. Katika wiki ya 36, familia iliyohama nyumba mara mbili mwaka huo haijapokea bahasha. Au imepokea, ikaonekana ni tangazo, kwa kuwa ni Kiingereza na Kihispania. Matokeo ni mawili: hospitali haijalipwa, na mtoto ambaye angeingizwa Medicaid moja kwa moja hana kadi anapokwenda chanjo ya miezi miwili. Kliniki iwe na fomu tupu kabatini. Muuguzi aitoe kwenye ziara ya wiki ya 36, siku ileile anapochukua kipimo cha bakteria wa streptokoka kundi B, aiweke kwenye mfuko wa mama wa hospitali mbele ya macho yake.

Mpango huohuo unalipia ziara za kliniki hadi 20 na ziara 2 baada ya kujifungua. Haulipii kulazwa kwa jambo lisilohusu kujifungua, wala uchungu wa uongo ambao haukuleta mtoto, kwa sababu kisheria mwanachama ni mtoto. Hili lisemwe siku ya kwanza. Mama anakwenda usiku na uchungu, anarudishwa nyumbani, mwezi mmoja baadaye bili inaingia, na mtaa mzima unasikia kwamba bima ya mimba ni uongo. Aambiwe mapema kwamba bili ya namna hiyo ipelekwe kwa ofisi ya msaada wa kifedha wa hospitali. Hospitali isiyo ya faida lazima iwe na sera ya msaada huo, ipokee maombi kwa siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka, na itafsiri sera kwa lugha ya kundi lenye watu 1,000 au asilimia 5 ya eneo lake, kile kilicho kidogo. Wakuu wa hospitali, hesabuni wazungumzaji wa Kiswahili katika eneo lenu. Huenda mmeshavuka 1,000 bila kujua, kwa vile kwenye mfumo wenu wameandikwa "lugha nyingine".

Majimbo zaidi ya 20 yana mpango wa namna hii wa mtoto aliye tumboni, ulioruhusiwa na kanuni ya 2002. Mahali pasipo nao, asiye na makaratasi anabaki na Medicaid ya dharura peke yake, na hapo neno "dharura" linafanya madhara yake. Kwa sikio la Kiswahili dharura ni ajali, ni gari la wagonjwa. Mama anayesikia "una Medicaid ya dharura" anakaa nyumbani hadi hali iwe ya dharura. Iiteni "Medicaid ya kujifungua hospitali". Aelezwe kwamba ombi linaweza kurudi nyuma hadi miezi mitatu, na kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 itakuwa miwili kwa wajawazito, kwa hiyo asingoje bili ya tatu ndipo aje.

Programu nyingine zimefungwa na kuacha vumbi. Illinois ilifunga bima yake ya watu wazima wasio na makaratasi Julai 2025, na Minnesota mwishoni mwa mwaka huo. Bima ya wajawazito haikufungwa katika jimbo lolote kati ya hayo mawili. Barua za kufunga zilifika. Barua za kusema mjamzito bado anapokewa, kwa Kiswahili, sisi hatujaziona.

Kwa wakimbizi kuna tarehe mbili za kukumbuka. Bima ya wakimbizi ya serikali kuu, kwa wasioingia Medicaid, ilikuwa miezi 12. Kwa waliostahili kuanzia tarehe 5 Mei 2025 ni miezi 4. Mimba ni miezi tisa. Na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, kwa sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025, mkimbizi na aliyepewa hifadhi hawatalipiwa Medicaid ya kawaida na serikali kuu hadi wapate grini kadi. Ruhusa ya 2009 ya wajawazito waliopo kihalali imebaki. Kwa hiyo wakurugenzi wa majimbo ambayo hamkuichukua, kuanzia Oktoba mama Mkongomani aliyefika na mimba ya miezi mitatu atakuwa mikononi mwenu bila kliniki miezi 4 ya bima ya wakimbizi ikiisha, kama hamna mpango wa mtoto aliye tumboni, ingawa serikali yenu ndiyo iliyompandisha ndege. Ichukueni kabla ya tarehe hiyo. Mlioichukua, andikeni sasa msimbo wa kompyuta utakaomhamisha mkimbizi mjamzito kutoka kundi moja kwenda jingine bila kufungwa kwanza. Tunajua mifumo yenu: ikishamfunga mtu, kumfungua ni maombi mapya, na maombi mapya yana siku 45.

Kuhusu mtoto tuseme kwa ufupi. Aliyezaliwa na mama aliyekuwa na Medicaid, hata ya dharura, anastahili hadi atimize mwaka mmoja bila ombi jipya. Mara nyingi kinachomzuia ni jina. Kwa Wakongomani baba, mama na mtoto wanaweza kuwa na majina matatu tofauti ya mwisho, na wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa. Kompyuta inayotafuta watu kwa jina la mwisho na tarehe inawachanganya wanawake wawili wa jengo moja na kumpachika mtoto wa huyu kwa yule. Tafuteni kwa namba ya faili.

Na njiti. Mtoto aliyezaliwa chini ya gramu 1,200 anahesabiwa mlemavu kwenye SSI kwa uzito wake tu, na akiwa bado amelazwa chini ya Medicaid malipo huwa dola 30 kwa mwezi. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii analeta fomu, mama anaona SSI, neno aliloonywa nalo, anakataa. Chini ya kanuni ya 2022 fedha ya mtoto ni ya mtoto, haihesabiwi kwa mama aliyemwombea. Siku nyingi za mtoto kwenye chumba cha njiti si matunzo ya muda mrefu ya mama. Sentensi hizo mbili zibandikwe juu ya fomu hiyo.

Sasa lugha. Amri ya rais ya 2000 kuhusu huduma za lugha ilifutwa Machi 2025, na tumesikia wasimamizi wakisema kwamba wajibu umekwisha. Haujaisha. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya 2010 bado vipo. Lakini kutafsiri tu hakutoshi. Kiswahili cha Dar es Salaam kinasema mjamzito, bima, kujifungua. Mama wa Uvira au Fizi, mashariki mwa Kongo, anaweza kusema mwenye mimba, asiransi, kuzaa. Wekeni yote mawili ubavuni mwa mwenzake. Na wengi hawasomi lugha yoyote, kwa hiyo rekodini sauti ya dakika moja na nusu, ya mwanamke, inayoanza kwa kutaja tarehe, inayoweza kutumwa kwa simu. Uvumi unasafiri kwa sauti, na karatasi haiukuti njiani.

Maneno yenyewe tumeyaandika, yachukueni bure:

"Leo ni tarehe fulani. Bima ya mimba na ya kuzaa haihesabiwi kwenye grini kadi kwa kanuni inayotumika leo. Kama ulikuja kama mkimbizi au umepewa hifadhi, kipimo hicho hakikuhusu kabisa. Fedha taslimu, kama TANF na SSI yako mwenyewe, zinaweza kuhesabiwa, kwa hiyo leo tunakuombea bima peke yake. Kama faili lako litaamuliwa ubalozini, au una viza ya matembezi, tutakupa namba ya wakili wa bure kabla hujaondoka. Jina na anwani yako zitahifadhiwa na jimbo, na kuhusu nani anaweza kuziona, hali ya jimbo letu leo ni hii. Kanuni ikibadilika, tutakupigia. Una swali?"

Mahali pa "hali ya jimbo letu leo ni hii" pajazwe na mwanasheria wa jimbo, na chini liwekwe jina la cheo kilichoidhinisha na tarehe ya kupitiwa tena, isizidi siku 90. Tutayasoma kwa sauti kaunta yoyote mtakayotupangia.

Wenu,
Wakalimani, wahudumu wa afya ya jamii na wasaidizi wa fomu wanaowahudumia wazungumzaji wa Kiswahili